Mabawa Niliyoyashona Kabla ya Wakati

Nanyuki,
Alhamisi, asubuhi

Dada yangu Wakesho,

Nakuamkia kutoka kwenye baridi, na kabla hujauliza: nala, navaa, sina kikohozi, na jino lile lililonisumbua lilishang'olewa. Wewe je, u mzima? Shemeji amerudi kutoka Voi au bado anazunguka na lori la watu? Cherehani yako bado inaruka uzi, au ulimpata yule fundi wa Mwatate? Na Baba, magoti yanamruhusu kutoka nje kuota jua? Niambie ukweli kuhusu Baba, usinifiche kama ulivyonificha mwaka jana alipoanguka.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita na sijaijibu, na najua ulivyokunja uso. Usinikasirikie kwanza. Nina jambo kifuani, na nisipolitoa kwako sina wa kumtolea.

Leo sina kazi mkononi. Tangu kulipopambazuka niko hapa kwenye baraza la duka la Mama Halima, yule muuza vitambaa niliyekuandikia habari zake, anayenipa mahali pa kuweka cherehani. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimefagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Mama Halima ameniuliza kama nimekalia siafu. Nimemwambia naandika barua, akasema barua haiandikwi na mtu anayetazama mbinguni.

Kweli natazama mbinguni, upande wa uwanja wa ndege. Kuna kijana mmoja leo anatakiwa kuruka kwa mwavuli mara ya saba. Baba yake ni mgonjwa wa kufa, kule Ruring'u, Nyeri, na amemkataza kurudi nyumbani kabla hajamaliza kuruka. Kila siku inayopita ni siku ya yule mzee. Na aliyemchelewesha kijana ni mimi, Wakesho. Mimi na sindano yangu.

Uliwahi kuniuliza ni kazi gani hii ya jeshi ninayoifanya nami si askari, nikakujibu kwa mkato. Sasa nikueleze. Kuna vijana wa miavuli walioletwa hapa kujifunza kuruka kutoka ndegeni. Kambi yao ni mahema, nje kidogo ya mji, na mimi ndiye niliyepewa kuwashonea alama zao: vyeo, majina, na mwisho wa yote, mabawa. Hayo mabawa ni kitambaa tu, hayazidi kiganja cha mtoto. Mwavuli mweupe katikati, bawa huku na bawa huku, juu ya kipande cha rangi ya damu ya mzee. Lakini ungeona wanavyoyaangalia. Kozi inapoanza kila mtu mkono wa kulia wa shati lake ni mtupu. Awe na cheo, awe mtoto wa sijui nani, mkono ni mtupu. Akiruka mara saba ndipo anapewa.

Hata bereti yao, ile kofia ya damu ya mzee, mwanafunzi anaruhusiwa kuikanda tu. Wanaichovya kwenye maji ya moto, kisha ya baridi, wanaikaza kichwani na kuilaza upande mpaka ikauke na kushika sura ya kichwa, halafu wanainyoa manyoya kwa wembe. Kutoka nayo mjini kabla ya mruko wa saba, hapana. Utawakuta wamekaa nje ya mahema, kimya, maji yanawachuruzika shingoni, na baridi hii ya mlima unaijua kutoka kwenye barua zangu.

Na mabawa yana desturi yake. Mshono wa kwanza haushonwi shati likiwa mezani. Kijana anasimama amelivaa, wenzake wamemzunguka, Sajini anayashikilia mabawa kwenye mkono wa shati la kijana, nami napitisha sindano ya kwanza papo hapo. Ikimchoma, asishtuke. Baada ya hapo ndipo anavua, nami namalizia. Sajini wao anaitwa Barasa, mtu mfupi asiyepandisha sauti. Siku aliyoniletea kisanduku cha bati chenye mabawa ya kozi nzima aliniambia neno moja tu, kwamba uzi usiguse bawa lolote mpaka yeye mwenyewe alete jina. Nikasema ndiyo afande, kama vile nami ni askari.

Nikalivunja neno lake.

Kijana mwenyewe ni Wachira, mrefu, mpole, ana mwanya. Jioni alikuwa akija kukaa hapa barazani, ananifundisha Kikuyu nami namfundisha Kitaita, na wote wawili hatujui kitu mpaka leo. Alikuwa amebakiwa na mruko mmoja. Upepo wa mlimani ukachafuka, siku tano ndege haipandi, na vijana wanazunguka kambini wamechoka kungoja. Jumamosi, leo ni siku ya kumi na mbili, akaja mbio na ruhusa ya siku mbili mkononi. Baba yake, Mzee Gathogo, alikuwa amezidiwa. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na unajua maana ya hospitali kumrudisha mtu nyumbani.

"Fundi," akaniambia, "mzee yangu ako karibu kwenda. Nishonee hiyo mabawa aone tu. Jumapili jioni naleta, unatoa. Nani atajua?"

Nilikataa. Nakuapia, nilikataa mara mbili. Akakaa kwenye benchi, akainamia magoti yake. Na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, ile uliyoandika kwamba Baba ananiulizia kila Jumapili watu wakitoka kanisani, na mimi huu ni mwaka wa nne sijakanyaga Wundanyi. Nikajiona mwenyewe pale kwenye benchi. Nikasema moyoni, mwache huyu angalau afike na kitu. Nikafungua bati, nikashona kwa mkono, kwa ule mshono wako wa kujificha unaopita chini ya pindo. Nilishona vizuri kuliko siku zote, mjinga mimi.

Yaliyotokea Ruring'u alinisimulia baadaye. Mama yake alipoona mkono wa shati alipiga vigelegele, majirani wakaingia, chai ikawekwa motoni. Mzee akaomba ainuliwe. Macho yake yalikuwa yameshafifia, kwa hiyo akamvuta mwanawe karibu, akayapapasa mabawa kwa vidole. Huyu mzee alikaa kizuizini miaka mingi wakati wa Emajensi ya mkoloni, dada, na nguo za serikali anazijua kwa ngozi. Akauliza, umeruka mara ngapi. Wachira angeweza kusema saba, na nyumba nzima ile hakuna ambaye angejua. Akasema sita. Na wanaopewa mabawa wanaruka mara ngapi? Saba.

Mzee akaomba wembe.

Hakumpa mtu mwingine. Alikata nyuzi mwenyewe, mkono unatetemeka, na wembe ukapita mpaka kwenye kitambaa cha shati. Alipomaliza akamwekea mwanawe mabawa kiganjani, akamwambia kwa Kikuyu chao, na Wachira alinitafsiria neno kwa neno: "Kule kizuizini walionipiga walivaa vyeo ambavyo hawakuvifanyia kazi. Nenda ukamalize. Usinirudie kabla hujamaliza."

Basi Jumapili jioni Wachira alinirudishia mabawa, nikayatia kwenye bati, nikajiambia yamekwisha. Nililala usingizi mzuri, fikiria.

Jumatatu asubuhi upepo ukatulia, na wenzake wote wakaruka mruko wa saba. Yeye hakuruka. Kabla ya kupanda ndege kulikuwa na gwaride, na Sajini Barasa aliona matundu ya sindano kwenye mkono wa shati, yamepangika sura ya mabawa, na mkato wa wembe pembeni. Akamtoa kwenye mstari. Wachira akasema aliyaiba mabawa kwangu na kuyashona mwenyewe. Mimi nililetewa habari mchana na koplo mmoja, Mutua, Mkamba, aliyekuja kuchukua suruali yake. Akasema, huyo kijana atafukuzwa, labda na kufungwa, kwa sababu wizi ni wizi.

Nitakwambia nilichokifanya, na unidharau ukitaka. Nilimpa Mutua suruali yake, nikanyamaza. Nilifikiria kazi yangu. Mji huu mafundi ni wengi, na kazi ya kambi ndiyo iliyokuwa ikiniweka. Nilikanyaga cherehani mpaka jioni, nikashona mfuko mmoja wa koti kichwa chini miguu juu. Mama Halima aliuona ule mfuko, akaniuliza nina nini, nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mficha uchi hazai," akaenda kupima kitambaa cha mteja.

Jumanne nikaenda kambini kwa miguu. Sajini Barasa alikuwa amekaa juu ya sanduku anakunja ramani. Nikamweleza yote, nimesimama, kofia mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Askari akishona ni kama anafunga gunia. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

Kama nisingekwenda, kijana angerudishwa kwao siku ileile. Kwa kuwa nilikwenda, hukumu ikawa hii: Wachira aanze upya, mruko wa kwanza mpaka wa saba, pamoja na kundi lililokuwa nyuma yao. Na mimi nisiguse mabawa tena. Bati likachukuliwa, likapelekwa kwa fundi mwingine karibu na soko. Sikujitetea. Kwa kosa lile hata ningehukumiwa zaidi ningestahili.

Kinachonila si bati. Jumatatu ile, kama shati lake lingekuwa safi, Wachira angeruka, angevaa mabawa yake halali mchana, na jioni angekuwa Ruring'u mbele ya baba yake. Ruhusa ya waliomaliza ilikuwapo. Upepo ulitulia siku ileile. Mimi nilitaka mzee awahi kuona, na kwa kutaka kumwahisha nimemchelewesha. Tangu Jumatano ile alipoanza upya nahesabu miruko yake. Mmoja siku hiyo. Miwili Ijumaa. Mmoja Jumamosi. Jumapili hapana. Juma hili alinitumia salamu mara moja tu, na Mutua, kwamba amefika mruko wa tano. Hajakanyaga hapa barazani, na simlaumu.

Ngoja, nasikia ndege.

Nimerudi. Nilikimbia mpaka mwisho wa mtaa, mtu mzima mimi, nimeacha cherehani wazi. Wameruka. Nimehesabu kumi na mbili. Mmoja mwavuli wake ulichelewa kufunguka, nikashika nguzo ya duka la watu nikaanza kusema Baba Yetu kwa Kitaita, na mwenye duka akaja kuniangalia. Ukafunguka. Sijui ulikuwa wa nani. Wote wameteremka nyuma ya miti, na sasa hakuna cha kuona. Sikai tena chini, naandika nimesimama, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

*

Sasa ni saa sita. Nimenawa uso, naendelea.

Saa nne gari la jeshi lilisimama hapa mbele ya baraza. Akashuka Sajini Barasa, akashuka Wachira, na wenzake wanne. Wachira alikuwa na udongo mpaka magotini, na ngumi yake imefumbwa. Akaifumbua mbele yangu. Mabawa.

Sajini akasema, "Huyu anasema ni wewe umshonee au atabaki mkono mtupu. Leo tu, fundi."

Dada, niliruka kutoka kwenye kiti. Nilianza kusema maneno mengi, unanijua. Nikasema, leta mkono haraka, nikimaliza mwende moja kwa moja, saa sita mko Nyeri, mzee atayapapasa tena na safari hii hataomba wembe. Nilikuwa nacheka peke yangu. Wenzake walikuwa wanatazama chini.

"Mzee alienda Jumatatu," Wachira akasema. "Leo ndio tunazika. Saa nane."

Kaka yake alikuja kwenye ua wa kambi Jumanne kumpa habari, na Wachira akamwambia atafika, arudi awaambie atafika. Kisha hakumwambia mtu. Si Mutua, si Sajini. Alijua wakisikia watampa ruhusa ya msiba, na kundi litamaliza bila yeye, na mkono utabaki mtupu. Jumanne hiyo akaruka. Jana upepo ulizuia, akakaa nje ya hema, anakanda bereti. Leo alipogusa ardhi, alipomaliza kukunja mwavuli wake, ndipo alipomwendea Sajini, akapiga saluti, akasema. Sajini ndiye aliyeleta gari.

"Alisema nisirudi kabla," Wachira akaniambia. "Sasa naweza kurudi."

Nikamwambia. Sikutaka aondoke bila kulisikia kutoka kinywani mwangu. Nikasema, Wachira, kama si mimi, ungekuwa naye siku saba. Siku saba nzima mzee alikuwa hai, na ungekuwa umekaa karibu naye.

"Na mimi ndio nilikuomba," akasema. "Shona, fundi."

Wakamzunguka. Sajini akayashikilia mabawa mahali pake, juu ya yale matundu ya zamani, na ule mkato wa wembe ulionekana pembeni, hakuwa ameuziba. Nilimchoma, Wakesho, nilimchoma hasa, niliisikia sindano ikiingia. Hakushtuka. Alikuwa anatazama mbele, na machozi yakamtoka vivyo hivyo, bila uso kubadilika, na hakuna aliyemtazama.

Kisha akavua shati, akasimama na fulana katika baridi hii, nami nikakaa kumalizia. Niliharakisha. Nilikuwa naifikiria barabara, saa nane, kaburi lililo wazi na watu wanaomngoja. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akausimamisha.

"Usiharakishe," akasema. "Saa hii hakuna mtu ananingoja kule."

Nikapunguza mwendo. Nilishona kama ulivyonifundisha, kila tundu kwa wakati wake. Nilitaka kuuziba na ule mkato, nikamwangalia, akatikisa kichwa, nikauacha. Akavaa, akaikaza bereti yake, wakapanda gari. Mama Halima alikuwa mlangoni, ameweka mtandio mdomoni. Gari lilipoondoka alileta chai, akaiweka, hakusema kitu, na wewe hujawahi kumsikia Mama Halima lakini jua kwamba hilo si jambo dogo.

Sasa hivi watakuwa wanakaribia Ruring'u.

Nisalimie Shemeji, mwambie barabara anayoipenda itamzeesha. Msalimie Mama Mghoi jirani yetu, na mzee wa kanisa anayemsomea Baba barua zangu wewe ukiwa shambani. Mwambie hii asiisome yeye, isome wewe. Wabusu watoto, hasa huyu mdogo ambaye sijamwona.

Kesho alfajiri naondoka kuja nyumbani. Cherehani nimemwachia Mama Halima. Nitafika Nairobi kesho, na Voi Jumamosi, Mungu akipenda. Huenda nikaitangulia barua hii. Ikinitangulia yenyewe, usimwambie Baba, nataka nimwone uso wake nikiingia mlangoni.

Hapana. Mwambie. Ukimaliza tu kusoma, usitie hata chumvi kwenye chungu, nenda ukamwambie.

Ndugu yako,
Mwakio